Mwanzi wa Kushikia

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Tumefika hospitalini. Ziwa liko pale, milima iko pale, na mimi Mikidadi niko hapa: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa tiba ya viungo, kijana wa Kyela mjini, ambaye kwa maoni yangu amekuja kupumzika. Mafunzo ya vitendo na watoto! Wazee wa kiharusi nimewasimamisha. Wacheza mpira nimewanyoosha magoti. Mtoto ni nini? Mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Nimewaeleza wenzangu hivyo ndani ya basi tangu Tukuyu mpaka Ipinda na hakuna aliyenipinga, ingawa wengi walikuwa wamelala.

Msimamizi wetu ni Mwalimu Marta. Mama mfupi, sauti ya chini, ametibu watoto wa ufukwe huu miaka na miaka. Ametukaribisha kwa chai na viazi vitamu, halafu akasema jambo lililonikausha mate. Mwisho wa mafunzo kila mmoja wetu ataonyesha mtoto mmoja akifanya jambo moja ambalo mwanzoni alikuwa halifanyi. Na mtoto awe amelitaka mwenyewe. Hataki kuona mtoto aliyesukumwa. Tukishindwa, hatasaini karatasi, na asiyesainiwa anarudia mwaka.

Kurudia mwaka! Baba ameshatamka: nikirudia, naingia dukani kwake kupima misumari mpaka nizeeke. Tangu biashara iwe huria kila mtu Kyela ana duka, na baba anatafuta mtu wa kuita wateja barabarani. Sikuzaliwa kwa kazi hiyo.

Mwenzetu Nancy, mwenye shangazi kibao ng'ambo ya mpaka, Karonga, na alama za juu zisizomtoa jasho, aliuliza swali zuri sana. Nilitaka kuliuliza mimi.

Jumanne, 6 Agosti

Nimevaa koti jeupe. Nimelipiga pasi mwenyewe. Nikaingia chumba cha watoto kifua mbele. Wakalia. Wote! Mmoja alikuwa amelala, akaamka ili alie. Kwao koti jeupe ni sindano. Mwalimu Marta alikuwa amekaa mkekani na kitenge chake, miguu kainyoosha, watoto wawili wamemlalia mapajani. Hakunigombeza. Alisema tu nikalitundike koti nje, tena mbali na mlango. Nikaja kukaa mkekani. Suruali yangu ya mtumba kutoka Italia haikushonwa kwa ajili ya mikeka. Ikapasuka.

Lakini akili haikulala. Tulipoambiwa tuchague watoto nilikuwa nimeshamwona wangu: Angetile, msichana wa miaka mitano. Ana mtindio wa ubongo; miguu imekaza, magoti yanagongana. Lakini anasimama! Akishika benchi anakwenda kwa ubavu mpaka benchi linapoishia. Kinachobaki ni kuachia tu, kazi ya asubuhi moja. Nancy alikuwa anamwendea, nikamuwahi, nikamkanyaga kidogo. Yeye akamchukua Tumpale, mtoto mchanga ambaye shingo bado haijakaza, kichwa kinalala huku, kinalala kule. Maskini Nancy. Nimemhurumia mchana kutwa.

Mama yake Angetile anaitwa Tusekile. Mrefu, mkimya. Kila asubuhi anamleta mtoto mgongoni kutoka kijijini kwao, upande wa Ipinda. Mumewe yuko Karonga kwenye biashara. Nikamhakikishia kwamba mwanawe yuko mikononi mwa mwenyeji, mtoto wa Kyela hasa. Akasema ndaga, yaani asante, na akawa anaitazama suruali.

Jumatano, 7 Agosti

Mpango wa kwanza: pipi. Niliweka moja upande wa pili wa mkeka, mbali na benchi. Angetile akaitazama. Akanitazama. Akakaa chini, akajiburuta kwa makalio kwa mwendo wa kushangaza, akaila. Nikaweka nyingine. Akajiburuta tena. Kabla ya chai watoto wote walikuwa wamenizunguka, na hakuna aliyekuwa tayari kuinua hata kidole bila pipi. Mmoja alining'ata mfukoni.

Mwalimu Marta akasema nimewafundisha kitu, na wamejifunza vizuri. Halafu akanifunga miguu. Kweli kabisa! Bendeji mapajani, magoti yabanane, nikanyagie vidole, ndoo mkononi, niende ziwani nikachote maji. Mchanga ule! Nilianguka mbele ya wavuvi. Nilianguka mbele ya akina mama wanaofua. Nilianguka mbele ya Nancy. Watoto walicheka mpaka wakapaliwa, na Angetile kuliko wote. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake.

Niliporudi na ndoo tupu Mwalimu aliniuliza nilikuwa nikiwaza nini njiani. Nikasema nilikuwa nawaza kufika tu, na watu waache kunitazama. Akasema basi, leo nimeanza kumfahamu Angetile. Maneno hayo yaliniingia sana. Kwa muda. Nilikuwa na mchanga masikioni.

Alhamisi, 8 Agosti, Nanenane

Sikukuu ya wakulima. Watu wanapumzika, sisi tumepelekwa gulioni Lyulilo kutazama watoto. Kutazama tu! Mwalimu Marta anasema tusimshike mtoto kabla ya kujua siku yake inakwendaje: nani anamtuma, anatumwa wapi, anafurahia nini. Mitumbwi ikaingia na vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa ziwa hili. Watoto wakavipokea, wakavipanga, wakapeleka ujumbe kwa huyu na yule, wakabeba wadogo zao. Nancy alikaa juu ya gogo asubuhi nzima bila neno. Mvivu, nikasema moyoni.

Wakati wa kurudi akatwambia hakuona mtoto hata mmoja anayetembea ili atembee. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kufikisha. Mwalimu Marta alisimama katikati ya njia akamshika bega. Mimi sijawahi kushikwa bega na mwalimu yeyote.

Lakini nami sikukaa bure. Mtumbwi mmoja ulileta bidhaa kutoka Malawi, na kati ya redio na sufuria nikamwona mbwa wa betri. Plastiki, rangi ya chungwa! Anatembea, anabweka, macho yanawaka taa nyekundu. Siku hizi kila kitu kipo, ni mtu kuchagua tu. Mtoto gani atabaki amekaa akimwona huyu? Nimemnunua.

Ijumaa, 9 Agosti

Mbwa amepigwa marufuku. Alibweka mara moja tu. Watoto wakapanda juu ya watu wazima, watu wazima wakapanda juu ya benchi, na mpishi akaja mbio na mwiko akamvunja kichwa. Taa bado zinawaka. Nimemfunika ndoo.

Jambo moja naliandika. Katika vurugu ile Tumpale alikuwa amelala kifudifudi kifuani kwa Nancy. Nancy hakuruka, hakupiga kelele. Aliendelea kumwimbia pole pole. Na yule mtoto akainua kichwa kumtafuta usoni. Akakiinua, akakishikilia! Nancy machozi yakamtiririka lakini wimbo haukukatika, maana angeacha kuimba kichwa kingeanguka. Hata mpishi akashusha mwiko. Nilisahau kabisa kwamba ni mshindani wangu. Nilikumbuka wakati wa chakula.

Jumapili, 11 Agosti

Nimepata!

Jana nilimwuliza Angetile ni nani anayempenda kuliko watu wote. Nilitegemea jina langu litapita hata kwa mbali. Akasema babu. Mzee Anyosisye, baba wa baba yake. Akikohoa tu huko barazani, anasema, yeye huku anasimama. Aliyasema hayo uso umechanua. Mama yake alikuwa anakunja kanga. Aliposikia jina la mzee akainamisha uso akatoka nje. Vumbi, nikadhani.

Leo nimeazima baiskeli nikaenda kwao kimya kimya. Mzee yuko barazani, kofia, fimbo, heshima tupu. Nikamwamkia kwa Kinyakyusa changu cha dukani, akaitikia kwa huruma. Nikamweleza kazi yake: Jumanne aje hospitali, asimame nyuma ya pazia, nikipiga makofi akohoe na ajitokeze. Akaniuliza kama kutakuwa na watu wengine chumbani. Nikasema ni sisi tu wa hospitali. Habari za mama mtoto sikuzitaja. Mama ni mtu wa nyumbani, hahitaji kutangazwa. Nimejipongeza kwa soda.

Jumanne, 13 Agosti

Ole wangu.

Angetile kwenye benchi. Tusekile amepiga magoti mbele yake. Mwalimu Marta na Nancy mkekani na Tumpale. Nilikuwa nimewaambia wakae mkao wa kuona maajabu. Nikapiga makofi. Pazia likakohoa. Angetile akageuka, mkono mmoja ukaachia benchi. Uliachia! Niliuona kwa macho yangu! Na mzee Anyosisye akajitokeza.

Tusekile alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Akajitupia kanga kichwani mpaka kiunoni, akageuka, akapiga kikumbo meza ya vyombo, akaruka nje kupitia dirishani. Dirishani! Mzee naye akafunika uso kwa kofia, akarudi kinyumenyume, akajisokota kwenye pazia langu, akaondoka nalo mabegani mpaka getini. Angetile akabaki pale katikati, akaanguka akakaa. Akalia. Hakulia kwa kuumia, alilia kwa sababu wote wawili wamemkimbia.

Nancy ndiye aliyenieleza, kwa sauti ile anayotumia kwa watoto. Kwa Wanyakyusa mke wa mwana haonani na baba mkwe wake. Hawakai chumba kimoja, hamtaji jina, akimsikia anakuja anaacha njia. Ndiyo heshima yenyewe. Hata kwao Karonga ni vivyo hivyo. Akashangaa sana: si nimezaliwa Kyela? Nikamweleza kwamba nimezaliwa nyuma ya kaunta, na ukiwa nyuma ya kaunta unaona mikono ya watu tu. Hata hivyo nilikuwa nimesikia habari hiyo. Nilidhani hospitalini haihesabiki.

Jumatano, 14 Agosti

Tusekile hakuja. Benchi tupu. Bila Angetile hakuna mtihani, na bila mtihani ni misumari ya baba. Lakini ajabu, siwazi misumari. Kila nikifumba macho naona ule mkono ulioachia benchi.

Mwalimu Marta hakunifokea. Afadhali angenifokea! Alijitanda kitenge, akachukua sukari, akamchukua Nancy, akasema twende. Njiani akaniuliza kitu kimoja tu: kabla ya kumleta yule mzee, nilimwuliza nani? Nikasema nilitaka iwe furaha ya kushtukiza. Akasema, "Mwanangu, mtoto haji peke yake. Anakuja na nyumba nzima. Sasa wewe umevunja mlango."

Tulianza barazani. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi mzee Anyosisye. Akasema yameisha, ila nimfikishie mwenzake kwamba yeye hana kosa. Nikazunguka nyumba mpaka jikoni, kwa nyuma. Tusekile akasema yameisha, ila nimfikishie mzee kwamba yeye naye hana kosa. Nikazunguka tena. Mzee akauliza kama mwenzake aliumia dirishani. Nikazunguka. Nilizunguka nyumba ile mpaka nikapata kiu. Na kila nilipofika kulikuwa na neno zuri linalosubiri kupelekwa. Watu wawili hawajawahi kutazamana, na sijaona watu wanaojaliana kiasi kile.

Kisha chakula. Tusekile kapika ndizi. Yeye hawezi kupeleka barazani, basi akaitwa mtoto wa jirani, ndiye anayefanya kazi hiyo kila siku. Mimi nilikuwa nakula. Ndizi nzuri! Nancy hakula. Nancy alikuwa anamtazama Angetile, aliyesimama ameegemea ukuta, anamsindikiza yule mtoto kwa macho, mdomo kauuma. Akamgusa Mwalimu. Mwalimu Marta akachuchumaa, akamwuliza Angetile kuna nini. Akasema, "Babu ni wangu mimi. Chakula chake napeleka mimi." Halafu akaongeza kwa hasira kwamba yule mwenzake humwaga mchuzi.

Laiti ningeweza kuuandika uso wa Mwalimu Marta wakati ule! Watoto wote aliowatibu, na bado anaweza kufurahi hivyo kwa neno la mtoto mmoja. Aliinuka akaniambia mtihani wangu umepatikana, na tafadhali nisiushikeshike sana.

Jumatatu, 19 Agosti

Kazi imeanza. Kutoka jikoni nyuma mpaka barazani mbele ni kufuata ukuta na kukata kona. Kutawekwa mwanzi wa kushikia, umefungwa kwenye nguzo fupi, kimo cha kiuno cha Angetile, ili atembee akitazama mbele, mkono mmoja ukimfuata mwenzake. Chakula atakibeba kwenye kikapu kidogo mgongoni. Mwalimu Marta alivifikiria vyote hivi akiwa anavua viatu. Alichuchumaa, akamshika Angetile nyonga kwa vidole viwili tu, vidole viwili!, na yale magoti yanayogongana yakaachana. Nilijaribu mimi. Angetile akaniambia mikono yangu ina haraka.

Mzee Anyosisye atajenga upande wa mbele asubuhi, Tusekile akiwa shambani. Tusekile atajenga upande wa nyuma jioni, mzee akiwa kwa marafiki zake. Mimi ndiye kiungo. Napima, napeleka maagizo. Mwalimu amenitaka nihakikishe mianzi inakutana.

Leo nimepata wazo la kuwafurahisha wote. Kona ile ina mawe, kuchimbia nguzo pale ni kazi ngumu. Nikamwambia mzee asihangaike na kona, mwenzake ataimaliza. Akanishukuru. Nikamwambia Tusekile asihangaike na kona, mzee ataimaliza. Akanipa ndizi. Uongozi ni kupunguzia watu mzigo.

Jumatano, 28 Agosti

Mambo yanakwenda. Asubuhi Angetile anafanya mazoezi barazani na babu yake, jioni jikoni na mama yake. Anaanguka. Anaamka. Anaanguka tena, anatukana kidogo kwa Kinyakyusa, anaamka. Hataki kubembelezwa. Mimi ningeanguka hivyo mara mbili ningeomba likizo. Nimekaa barazani siku hizi zote nikimtazama na sijachoka, mimi ninayechoka kutazama mpira.

Mwalimu Marta ameniuliza kama mianzi imekutana. Nikamwuliza mzee. Akasema mwenzake amemaliza. Nikamwuliza Tusekile. Akasema mwenzake amemaliza. Basi imekutana. Sikwenda mpaka kwenye kona. Jua lilikuwa kali.

Ijumaa, 30 Agosti

Bado nimevaa shati lililochanika. Nitaandika hivyo hivyo.

Asubuhi Nancy alianza. Tumpale kifudifudi mkekani, kichwa juu, anamfuata Nancy kwa macho kila anakokwenda akiimba. Akapita bila swali. Nikampigia makofi kwa nguvu, na yalikuwa ya kweli.

Kisha sote kijijini. Mzee barazani, mgongo wima, fimbo mapajani. Tusekile jikoni. Sisi tukasimama pembeni, mahali pa kuona pande zote mbili. Na ndipo nikaiona kona.

Wazi! Mwanzi wa Tusekile umeishia huku, mwanzi wa mzee umeanzia kule, na katikati mawe na hewa. Mwalimu Marta akaiona. Akanigeukia taratibu. Sijawahi kutazamwa vile, hata na baba siku niliyouza gunia la chumvi kwa bei ya sukari, nikafukuza wateja wa mtaa mzima.

Lakini Angetile ameshatoka jikoni. Kikapu mgongoni, ndizi za kuchoma ndani ya jani la mgomba. Mkono, mguu. Mkono, mguu. Akafika mwisho wa mwanzi. Akasimama. Mkono wake ukapapasa mbele, hakuna kitu. Nyuma yake Tusekile amemwona, lakini hawezi kuivuka ile kona, maana mkwe wake yuko upande wa pili. Mbele, mzee hajui lolote wala hawezi kuja, maana huko nyuma kuna mke wa mwanawe. Watu wawili ambao wangemwaga damu yao kwa ajili ya mtoto yule, na hakuna anayeweza kunyoosha mkono! Nikaruka niende kumshika. Mwalimu Marta akanikamata shati kwa nyuma, likachanika, hakuliachia.

Barazani mzee akakohoa.

Angetile akaachia.

Magoti yakagongana. Akayumba kulia, akayumba kushoto, mikono imetanuka, ulimi nje. Akakanyaga jiwe, akatulia. Akakanyaga tena. Nancy alikuwa ameniminya mkono mpaka ukafa ganzi. Na Angetile akaukamata mwanzi wa babu yake, akapumua, akaendelea mpaka barazani, akageuza mgongo, akasema chakula hiki hapa.

Mzee Anyosisye akachukua ndizi moja. Akaimenya. Akaila yote, pole pole, na sisi wote tumesimama. Kisha akasema, "Mwambie mama yako, ndaga fijo. Chumvi imekolea."

Kurudi! Hakuna aliyewaza kurudi! Majuma yote yale tumemfundisha kwenda. Hata Mwalimu Marta alijishika mdomo. Kugeuka tu ni kazi nyingine kabisa. Lakini Angetile ametumwa. Akageuka, akajikwaa, akaushika mwanzi, akaja. Kwenye kona nikashindwa kuvumilia, nikamnyooshea mkono. Akanikunjia uso. "Hujatumwa wewe," akasema. Akapita peke yake.

Tulimsikia akifikisha salamu jikoni, neno kwa neno, mpaka ile chumvi. Tusekile alijifunika uso kwa kanga, akacheka, akalia, akacheka. Mimi nililia. Nikasema ni moshi wa jikoni. Mwalimu Marta naye akasema ni moshi.

Baadaye aliniita pembeni. Akauliza ile kona niliipanga? Nikafikiri kidogo. Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasaini. Chini ya saini ameandika kwamba nisiachwe peke yangu na mgonjwa yeyote kwa mwaka mzima. Ni heshima kubwa. Watu muhimu hawaachwi peke yao.

Jumapili, 1 Septemba

Nafungasha. Nancy ameombwa abaki hapa akimaliza chuo, awe msaidizi wa Mwalimu Marta. Nilitaka kuona wivu, nikakuta sina. Watoto wa ufukwe huu wamepata mtu. Angetile, nasikia, tangu Ijumaa hakai chini. Anapeleka chakula, maji, salamu, na maneno mengine ya kutunga mwenyewe.

Lakini tuseme ukweli, bila kona yangu tungeona nini? Sasa nimeelewa kazi ya watoto ilivyo. Siri ni kuishirikisha familia. Baba amefurahi kwa saini, ameniruhusu nifanye karamu Jumamosi nyumbani Kyela, na mimi nimepanga kila kitu. Pilau kwenye sinia moja kubwa, mkeka mmoja. Mzee Anyosisye atakaa kulia, Tusekile kushoto, magoti kwa magoti, na mimi katikati nitatoa hotuba. Nimewatafutia pikapu, wote wawili watapanda mbele karibu na dereva, wasipigwe na vumbi. Nimepeleka mialiko leo mwenyewe, mmoja barazani, mmoja jikoni. Sikumwambia yeyote kwamba mwenzake anakuja. Watafurahi hao!